Je, Wajua? Mti Uliokuwepo Kabla ya Dunia, na Mengine ya Ungoni

Je, wajua kwamba mwaka 1999 huko Ireland barabara kuu iliupisha mti mmoja wa miiba? Wahandisi walikuwa wamechora njia ikatize katika jimbo la Clare, na mti ule mdogo ulikuwa uondolewe. Msimulizi wa hadithi wa huko, Eddie Lenihan, akaandika gazetini kwamba pale ndipo wanapokutania viumbe wasioonekana, na kwamba atakayeukata asije akasema hakuonywa. Mchoro ukarekebishwa, mti ukabaki pembeni mwa barabara, ukazungushiwa uzio.

Nimeanza na Ireland kwa sababu nchi ile ndogo imejulikana dunia nzima kwa kitu ambacho sisi tunacho kwa wingi na hatukitangazi: mti wenye wenyewe, jiwe lenye habari, kaburi linalotembelewa. Safu ya leo inakaa Madaba, kati ya Njombe na Songea, na kutoka hapo inatazama Ungoni na majirani zake.

Je, wajua kwamba Ungoni waliokufa bado wana sehemu yao katika mambo ya ukoo? Wanaitwa mahoka. Mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka au mvua ikikataa, wazee huenda makaburini au chini ya mti na unga na pombe, wakawataja marehemu kwa majina, mmoja mmoja, wakawaeleza shida kama mtu anavyomweleza baba yake. Ireland nako, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, familia nyingi ziliacha moto umewaka na chakula mezani kwa ajili ya wafu waliorudi kuwatembelea. Usiku huo ndio mzizi wa Halloween, na taa zake za kwanza zilichongwa kwenye mizizi ya tanipu. Maboga yalikuja baadaye, kutoka Marekani.

Je, wajua kwamba kwa Wapangwa mti ulitangulia ardhi? Wapangwa wengi wako Ludewa, na wengine ni majirani zetu hapahapa Madaba. Masimulizi yao ya mwanzo wa dunia yalichapishwa mwaka 1966 katika kitabu cha Ulli Beier cha masimulizi ya uumbaji ya Afrika, na mimi nayahesabu kati ya mazuri kuliko yote niliyopata kuyasoma. Hapo mwanzo hapakuwa na jua wala mwezi wala udongo. Palikuwa na upepo, mti, na mchwa weupe waliokaa juu ya mti huo, na juu ya vyote palikuwa na Neno lisiloonekana, lenye nguvu ya kuumba. Siku moja upepo ukaukasirikia mti uliokuwa umeuzibia njia, ukavuma hadi tawi moja likakatika na kuanguka na mchwa wake. Tawi lilipotulia, mchwa wakaanza kula majani. Wakayala yote, wakabakiza jani moja kubwa, na juu ya jani hilo wakaacha kinyesi chao. Kinyesi kikawa lundo, lundo likawa kilima, kilima kikawa mlima, hadi kikaufikia tena mti wa asili. Hiyo ndiyo dunia tunayoikanyaga. Aliyewahi kuona kichuguu kikikua nyuma ya nyumba yake msimu mmoja baada ya mwingine ataona Wapangwa walikuwa wakitazama nini.

Wapangwa haohao walikuwa mafundi wa chuma. Je, wajua kwamba tanuru lao la kuyeyushia mawe lilitazamwa kama mwanamke anayejifungua? Kabla ya kuwasha moto, dawa zilifukiwa chini ya tanuru, na mafundi walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe, kwa sababu fundi anayevunja mwiko huharibu chuma. Wafipa nao walishika miiko ya namna hiyo. Na mhunzi wa Ireland aliogopwa vilevile: aliaminika kuweza kuponya na kulaani, na kipande cha chuma kiliwekwa kwenye kitanda cha mtoto mchanga ili viumbe wasioonekana wasije kumbadilisha.

Je, wajua kwamba safari ya Wangoni ina tarehe iliyoandikwa angani? Baada ya vita vya Shaka, mfalme wa Wazulu, kule kusini, Zwangendaba aliongoza watu wake kwenda kaskazini, na masimulizi yanasema siku walipovuka mto Zambezi jua lilifunikwa mchana kweupe. Wataalamu wa nyota wamepiga hesabu: kupatwa huko kwa jua kulitokea tarehe 20 Novemba 1835. Zwangendaba alifika hadi Ufipa, akafia huko katika miaka ya 1840, na watu wake wakatawanyika. Waliokuja upande huu waliwakuta Wangoni wengine, Wamaseko, waliokuwa wametangulia kwa njia ya mashariki. Wakapigana nao mpaka Wamaseko wakarudi kuvuka Ruvuma, na leo wako Malawi. Waliobaki wakaunda dola mbili: Njelu chini ya ukoo wa Gama na Mshope chini ya ukoo wa Tawete.

Wangoni walishinda vita, lakini lugha ya nyumbani iliwashinda wao. Kingoni cha Songea leo ni ndugu wa lugha za wenyeji waliotekwa, na maneno ya Kizulu yaliyobaki ndani yake ni machache. Wake na mama ndio waliowafundisha watoto kusema.

Je, wajua kwamba kuna Madaba nyingine Jordan? Katika kanisa lake sakafu ina ramani ya nchi takatifu iliyotengenezwa kwa vipande vya mawe ya rangi katika karne ya 6, na ndani yake mji wa Yerusalemu unaonekana na milango yake. Majina yamefanana tu.

Chanzo cha mto Ruvuma je? Kiko milima ya Matogoro, karibu kabisa na mji wa Songea. Mto unaotenganisha nchi mbili unaanza kama kijito ambacho mtoto anakiruka.

Je, wajua kwamba woga wa mikuki ya Wangoni ulizaa kilimo ambacho wataalamu wa udongo wanakuja kukisoma hadi leo? Wamatengo walikimbilia milimani, huko Mbinga, kwenye miteremko ambayo mvua moja kubwa ingeweza kuikwangua hadi mwamba. Hapo wakalima ngolo. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume wanafyeka majani marefu, wanayaacha yanyauke, kisha wanayapanga chini kwa mistari inayokatizana mpaka mteremko mzima unakuwa vyumba vya mraba. Wanawake wanaingia na majembe, kila mmoja ndani ya chumba chake. Wanachimba katikati na kuutupia udongo juu ya majani kila upande. Majani yanafukiwa, tuta linainuka, katikati linabaki shimo. Maharage hupandwa kwenye matuta. Maji ya mvua yakishuka hayapati pa kukimbilia. Yanadondokea shimoni, yanatulia, yanaacha tope lake humo, na magugu yanayong'olewa hutupwa humohumo yaoze. Msimu unaofuata unapandwa mahindi. Mzunguko ukiisha, mashimo mapya yanachimbwa mahali palipokuwa na matuta, na yale majani yaliyozikwa yamekwisha kuwa mbolea. Hakuna mchoro wala kipimo, kila kitu kiko kwenye jicho na mkono wa mkulima. Ukisimama ng'ambo ya bonde unaona mlima mzima umefumwa kama mkeka, na kwa kadiri ninavyojua hakuna kazi ya mikono nzuri kuliko hiyo katika mkoa mzima wa Ruvuma.

Wengine walikimbilia mwambani. Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuna jiwe kubwa la Pomonda lenye pango, na wenyeji wanasimulia kwamba wazee wao walijificha humo Wangoni walipokuja kuvamia. Wajerumani walipoliona waliona kitu kingine: sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Ndiyo maana wakaipa bandari ile jina la Sphinxhafen.

Je, wajua kwamba bandari hiyohiyo ilishuhudia moja ya mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza? Kila upande ulikuwa na meli ya serikali ziwani. Waingereza walikuwa na Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades. Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann, chini ya nahodha Berndt. Manahodha hao walikuwa marafiki, wakikutana bandarini walikunywa pamoja. Agosti 1914 habari za vita zilimfikia Rhoades kwanza. Akaja Liuli, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaanza kuipiga mizinga. Berndt alipanda mtumbwi akamfuata rafiki yake huku akifoka, akimuuliza kama amelewa, maana hakuwa amesikia kwamba nchi zao zinapigana. Akaambiwa akiwa tayari ni mateka.

Ziwa hilohilo lina wadudu wanaopanda juu kama moshi wa moto mkubwa. Wingu lao likisukumwa nchi kavu na upepo, watu huwanasa, huwaponda na kuwafinyanga mkate. David Livingstone aliwaona akaandika habari zao katika karne ya 19.

Je, wajua kwamba ngoma ya mganda ilitoka kwenye paredi? Vijana wa pande za Ziwa Nyasa walioona au kuingia katika jeshi la wakoloni walirudi na gwaride, wakaligeuza mchezo. Wachezaji wanajipanga mistari, wana vyeo, wanavaa nadhifu, na tarumbeta zao ni vibuyu vilivyotobolewa vikafunikwa utando mwembamba unaovuma. Wanawake wana ngoma yao, kioda. Wangoni wanajivunia lizombe, yenye kishindo cha miguu na virungu mkononi, ambayo mtu aliyeisikia akiwa mtoto haimtoki masikioni.

Na ulanzi? Katika nyanda hizi za kusini, masika yakifika, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha na kutegwa chombo. Mgemaji hurudi asubuhi na jioni kulikata tena kidogo sana, ili utomvu usikauke. Ulanzi hauhitaji hamira wala moto. Asubuhi ni kinywaji kitamu cha watoto, na baada ya kulala siku moja au mbili unakuwa wa watu wazima.

Je, wajua kwamba Wangoni na Wahehe, waliochinjana kati ya mwaka 1878 na 1882, leo wanachekeana misibani? Hiyo ndiyo kazi ya utani, na mara nyingi utani ulikua palepale palipokuwa na vita. Nenda msibani uone. Wafiwa wamekaa kimya, wanawake wamechoka kulia, na mara anaingia mtu amevaa koti la marehemu. Anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anaulizia deni lake la pombe. Akifika makaburini anaingia shimoni na kulala, anasema hatoki mpaka alipwe, na wafiwa wanachanga huku machozi na kicheko vimechanganyika usoni. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Mtani ndiye pia atakayechimba, atakayebeba, atakayehakikisha wafiwa wamekula. Wageni huona ni kukosa adabu, kumbe ni heshima ambayo hakuna rambirambi ya kuandikwa inayoifikia.

Watu wa Ireland watamwelewa mtani upesi. Mkesha wao wa msiba, maiti ikiwa imelazwa ndani ya nyumba, ulikuwa na viko vya tumbaku, hadithi, mashindano ya nguvu na michezo ya kuchekesha hadi alfajiri. Kuanzia karne ya 17 maaskofu walitoa makatazo, na kwa muda mrefu watu waliendelea na michezo yao.

Bundi akilia juu ya paa, wengi wetu hatulali. Ireland wanaye banshee, mwanamke asiyeonekana anayelia karibu na nyumba ambayo mtu wake atakufa, na inasemekana huzifuata koo za zamani tu, zile zenye O au Mac mwanzoni mwa majina yao.

Je, wajua kwamba Jiwe la Gangilonga pale Iringa mjini linasemwa kuwa ndilo alilokuwa akiliendea Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kutafakari? Na kwamba Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 16, kilifahamika kwa wenyeji kabla ya mpima ardhi kukiripoti mwaka 1930? Ireland ya Kaskazini wana nguzo zipatazo 40,000 za mawe meusi ufukweni, na wanasema jitu Finn McCool alizipanga ili avuke bahari kwenda kupigana na jitu la Scotland. Wanajiolojia wanasema ni volkano. Watalii wanaenda kwa ajili ya yote mawili.

Sasa Songea yenyewe. Je, wajua kwamba mji huu umebeba jina la mtu aliyenyongwa? Songea Mbano alikuwa nduna, yaani kiongozi chini ya mfalme, katika dola ya Njelu. Vita vya Majimaji vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 vilifika Ungoni pale Omari Kinjala alipoleta ile dawa ya maji, na Wangoni, watu wa vita, wakaingia. Wajerumani walijibu kwa bunduki, kisha kwa njaa: mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa kusini yote, wengi wao kwa njaa, huenda walifika 250,000 hadi 300,000. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea na kuzikwa kaburi moja. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, mashujaa 67 wanakumbukwa hapo, kwenye Makumbusho ya Majimaji.

Miongoni mwao alikuwepo mwanamke mmoja tu, Nduna Mkomanile wa Kitanda. Watoto wa shule wanapaswa kulijua jina lake kama wanavyolijua la Kinjikitile, mganga aliyeanzisha ile dawa ya maji, na wengi hawalijui.

Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akakataa kubaki nyuma ya wenzake, akanyongwa siku chache baadaye. Inasimuliwa pia kwamba kabla ya hapo aliwahi kujificha katika pango la Chandamali, ambalo wageni huonyeshwa hadi leo. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudi Kalenga mwaka 1954, lakini la Songea halijarudi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na kizazi cha nduna huyo, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta. Hili si jambo la makumbusho tu. Kwa watu wanaowataja marehemu kwa majina makaburini, kichwa kilichoko kusikojulikana ni msiba ambao haujaisha.

Je, wajua kwamba Matetereka, kata ya Halmashauri ya Madaba, iliishi ujamaa kabla serikali haijauandika? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa. Walilima pamoja, wakagawana mavuno, wakawa na shule yao iliyofundisha kazi na maisha ya kijiji. Vijiji vingine vikafuata, Matetereka kikiwemo, vikaungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Mwalimu Nyerere alifika Litowa akavutiwa, na alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 alikuwa na mfano ulio hai. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa, maana kilikuwa kinajiamulia mambo yake mno. Matetereka hawakuacha. Waliendelea kulima pamoja kwa miaka mingi, kiasi kwamba mwaka 1998 utafiti uliochapishwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh ulikiita kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Kama kuna mahali pa kihistoria panapostahili kibao barabarani katika wilaya yetu, ni hapo.

Je, wajua tunayajuaje haya? Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuwauliza wazee walioiona Majimaji kwa macho. O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walikusanya ya Ungoni, yakachapishwa mwaka 1969. Wangechelewa miaka kumi, wengi wa wale wazee wasingekuwepo.

Ireland walikuwa wamefanya hivyo kwa kuwatumia watoto. Kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi wa madarasa ya juu katika shule za msingi zipatazo 5,000 walipewa kazi ya nyumbani: muulize babu, muulize bibi, muulize jirani mzee, andika. Waliandika dawa za mitishamba, dalili za mvua, hazina zilizofichwa, mashujaa wa kijiji, njaa kuu, visima vitakatifu. Kurasa zilifika takriban 740,000, na leo mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye intaneti.

Mwanafunzi wa Wino, Mahanje, Gumbiro au Mkongotema anaweza kuanza Jumamosi hii na daftari la kawaida. Mti gani hapa kijijini haukatwi, na nani alisema usikatwe? Ukoo wetu ulitokea wapi kabla ya kufika Madaba, na ulipitia njia gani? Nani anakumbuka nyimbo za lizombe zilizoimbwa kabla ya uhuru? Watani wetu ni akina nani, na utani ulianzia kwenye ugomvi upi? Nani alilima shamba la pamoja Matetereka, na mavuno yaligawanywaje? Andika jina la mzee aliyejibu, kijiji chake na tarehe, na umsomee tena ulichoandika kabla hujaondoka, kwa sababu kuna majina atakayotaka kuyasahihisha.